Jedwali la AMDEC lisife kabla ya chukudu: namna ya kulisasisha tangu mchoro hadi kuni

Fundi mmoja wa hapa Goma aliponikuta na kompyuta mapajani, najaza jedwali la hitilafu za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukumia mizigo, alicheka mpaka akaweka randa chini. "Kijana wangu, chukudu ni mbao, misumari na mpira. Ikivunjika tutaona." Nikamwambia, "Kweli Mzee, tutaona, lakini itakuwa imeshavunjika, na pengine iko Kibumba na magunia matatu ya viazi." Hakushawishika siku hiyo. Alishawishika baadaye, na nitaeleza kwa nini, maana sababu yenyewe ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Waliosoma ufundi wanakijua kitu hiki kwa jina la AMDEC. Vitabu vya Kiingereza hukiita FMEA. Ni uchambuzi wa namna kifaa kinavyoweza kuharibika, madhara yatakayofuata, na la kufanya kabla hayajatokea. Jeshi la Marekani liliandika utaratibu wake mwaka 1949, watu wa safari za Apollo wakautumia, kisha viwanda vya magari. Mimi nimeuleta kwenye chukudu kwa sababu kila mtu wa hapa amewahi kuisukuma, kuikwepa au kubebewa mzigo nayo. Kama wewe unatengeneza mashine ya kusaga, pampu ya maji au taa za sola, badilisha majina ya vipuri tu.

Kujaza jedwali mara ya kwanza si kazi ngumu. Majedwali mengi niliyoyaona yalijazwa vizuri, yakatiwa sahihi, yakaingia kwenye faili, na tangu hapo kilichobadilika ni tarehe ya juu kila mkaguzi anapokaribia. Kifaa kinaendelea kuishi, jedwali limeshazikwa. Hatua zifuatazo ni za kuzuia hilo.

Hatua ya 1: Anza na mistari michache iliyoandikwa kwa usahihi

Usianze na kila msumari. Chagua sehemu ambazo zikikosea mtu anaumia au mzigo unapotea. Kwa chukudu mimi nilianza na tano: breki ya mguu, uma wa mbele, beringi, ubao mkuu wa mgongo, na mpira wa tairi unaopigiliwa kuzunguka gurudumu la mbao.

Kwa kila sehemu andika kazi yake, namna inavyoweza kushindwa kazi hiyo, athari, chanzo, na ukaguzi uliopo sasa. Watu huchanganya vitu vitatu vya katikati. "Breki haishiki" ni namna ya kuharibika. "Mpira umelika hadi kwenye msumari" ni chanzo. "Chukudu inamshinda msukumaji kwenye mteremko na kuingia sokoni" ni athari. Ukiandika "breki mbovu" katika visanduku vyote vitatu, umejaza karatasi, hujachambua kitu.

Kazi nayo iandikwe kwa kipimo. "Kusimamisha chukudu" haitoshi. Ikiwa na mzigo gani, kwenye mteremko upi, ndani ya mita ngapi? Bila kipimo hutajua siku ambayo breki imeanza kushindwa, utajua tu siku iliposhindwa kabisa.

Kisha alama, kutoka 1 hadi 10: ukali wa athari, utokeaji wa chanzo, na ugunduzi. Hii ya mwisho huwachanganya wengi kwa sababu imegeuzwa: 10 maana yake ni kwamba hitilafu itakupita bila kuiona. Desturi ya zamani ilikuwa kuzidisha alama tatu na kushughulikia namba kubwa kwanza. Hesabu hiyo ina mtego. Hitilafu inayoua, yenye ukali 10, utokeaji 2 na ugunduzi 2, inapata 40. Hitilafu inayokera tu, yenye 4, 5 na 5, inapata 100. Ukifuata namba, unakimbilia kukaza msumari unaopiga kelele na kumwacha mtu afe. Mwongozo wa pamoja wa viwanda vya magari vya Marekani na Ujerumani, AIAG na VDA, uliotoka mwaka 2019, uliachana na hesabu hiyo ya kuzidisha ukaweka ngazi tatu za kipaumbele, juu, kati na chini, na ukali ndio unaotazamwa kwanza. Mimi nina kanuni fupi zaidi: mstari wowote wenye ukali 9 au 10 unajadiliwa, hata kama alama nyingine ni 1.

Hatua ya 2: Ongeza safuwima ya "Tumeamini kwamba"

Hii huioni kwenye fomu nyingi za kawaida, na ukichukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Kila alama unayoandika inasimama juu ya imani fulani. Ulipoupa utokeaji wa kulika kwa breki alama 3, uliamini kwamba chukudu itabeba kilo 300, kwamba barabara ni ya mawe, kwamba mpira unatoka kwenye tairi la lori, kwamba anayesukuma ni mwenye chukudu na si kijana aliyeikodi kwa siku moja. Hayo yote yapo kichwani mwako, na yatatoka nawe siku utakapoacha kazi.

Yaandike. Mstari wa breki katika jedwali letu la kwanza ulisomeka hivi: "Tumeamini kwamba mzigo hauzidi kilo 300, barabara ni ya mawe ya lava, mpira ni wa lori, hakuna safari ya usiku." Imani nne. Moja ikivunjika, mstari unafunguliwa upya siku hiyohiyo, kalenda iseme inavyosema.

Hapo ndipo ilipo tofauti na ule utaratibu wa "tutapitia jedwali kila mwaka." Mwaka unaweza kupita bila jambo lolote kubadilika, na wiki moja inaweza kubadilisha yote. Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Hatua ya 3: Kwenye ujenzi, tembea na jedwali mkononi

Mchoro ukikamilika, anza jedwali la pili, la utengenezaji. La kwanza linauliza kama chukudu imebuniwa vizuri. Hili linauliza kama inatengenezwa kama ilivyobuniwa. Ubao mkuu wenye unene unaofaa, lakini wa mkaratusi mbichi, utakauka, utapinda, na misumari italegea. Ubunifu haukukosea. Aliyenunua mbao ndiye aliyekosea, au mvua ndiyo iliyozilowesha zikiwa zimepangwa nje.

Sasa chukua jedwali, uende nalo pale kazi inapofanyika. Penye maneno "ukaguzi: mbao hupimwa ukavu kabla ya kukatwa," simama umuulize anayekata: leo umepimaje? Mimi nilipouliza, kijana alinitazama kwa heshima akasema, "Patron, tunagonga kwa kidole." Kugonga ni kitu, mzee mzoefu anasikia tofauti ya sauti, lakini si ukaguzi uliostahili ugunduzi wa 3. Nikaandika 8. Jedwali likawa baya kwa macho na likawa la kweli. Baadaye tulianza kupima kipande kilekile kwenye mizani kila baada ya siku chache: uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka vya kutosha kwa hali ya hewa yetu. Alama ikashuka, safari hii kwa haki.

Hatua ya 4: Jaribio libadilishe makisio

Kabla ya jaribio, alama zako za utokeaji ni makisio ya watu wenye uzoefu. Baada ya jaribio zisibaki vilevile kwa uvivu. Pakia chukudu, ishushe, pima umbali wa kusimama ikiwa kavu na ikiwa imelowa, rudia, andika. Jambo usilotarajia likijitokeza, ni mstari mpya. Kwetu ulikuwa wa tope: likijaa kati ya mpira wa breki na gurudumu, mguu unakanyaga na hakuna kinachoshika. Hakuna aliyelifikiria mezani, kwa kuwa mezani hapakuwa na tope.

Tahadhari moja. Jaribio lililofaulu mara tano halithibitishi kwamba hitilafu haitokei. Linathibitisha kwamba haikutokea mara tano.

Hatua ya 5: Nenda kwa wanaotengeneza barabarani

Chukudu ikishauzwa, habari zake hazirudi zenyewe kwenye atelye, yaani karakana. Mwenye nayo hana muda wa kukuletea malalamiko. Anatafuta fundi wa karibu, Birere au Majengo, anapigiliwa misumari miwili, anaendelea na mzigo wake wa makaa. Kwa hiyo habari iko kwa hao mafundi wa pembeni. Wao ndio jedwali lako linalotembea.

Usiwaulize, "Chukudu zetu zina tatizo gani?" Watakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri sana. Uliza: "Wiki hii umebadilisha nini, na kile cha zamani kiko wapi?" Kipuri kilichotolewa hakina adabu. Beringi iliyojaa unga wa kutu inasema maji yameingia. Mpira uliolika upande mmoja unasema gurudumu limekaa kombo. Ubao uliopasuka kutoka kwenye tundu la msumari unasema mengine kabisa na ule uliovunjika katikati: wa kwanza unahusu utengenezaji wako, wa pili pengine unahusu mzigo.

Tumia daftari la kawaida, si fomu ndefu. Kwa kila tukio: tarehe, sehemu iliyoharibika, ilivyoharibika, ilikuwa imebeba nini, ilikuwa wapi, na umri wa chukudu. Swali la umri usilisahau. Beringi zikifa katika mwezi wa kwanza, shuku ubora au jinsi zilivyofungwa. Zikianza kufa baada ya mwaka, huo ni uchakavu, na dawa yake ni ratiba ya kubadilisha. Matukio ambayo nusura yawe ajali nayo yaingie. Mtu aliyeruka mtaroni kumkwepa mtoto hakuvunjika kitu, lakini breki yake ilishindwa sawasawa na ya yule aliyevunjika mguu.

Kumbuka pia kugawanya. Hitilafu sita kati ya chukudu kumi si sawa na sita kati ya mia mbili. Kama hujui umeuza ngapi, anza kwa kuhesabu hizo.

Hatua ya 6: Zitambue siku za kufungua jedwali

Hapa ndipo yule mzee wa randa aliposhawishika.

Chukudu zetu zilikuwa na breki ileile kwa miaka: kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakanyaga, kinasugua. Hakuna aliyeibadilisha. Msambazaji hakubadilika, mchoro haukuguswa. Kilichobadilika ni barabara. Sehemu za njia ambazo zamani zilikuwa mawe matupu ziliwekwa lami, nasi sote tukafurahi. Kisha daftari likaanza kujaa breki.

Hesabu yake ni rahisi, nami niliifanya na mzee kwa kijiti ardhini. Chukudu, mzigo na mtu, tuseme kilo 400. Kila inaposhuka mita 100 za kimo, inatoa nishati ya takriban kilojuli 390, ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji yaliyokuwa nyuzi 20. Nishati hiyo lazima iende mahali. Kwenye mawe ya lava, sehemu kubwa huliwa na barabara yenyewe: gurudumu linagonga, linaruka, linatetemeka, mwendo unakufa. Lami haili karibu chochote. Kinachobaki kinaangukia kipande kile cha mpira, au kinageuka kasi. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya kugongea inaongezeka mara nne.

Mzee alitazama chini muda mrefu. "Kumbe barabara mbaya ilikuwa breki yetu ya pili," akasema. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri hivyo.

Imani moja, "barabara ni ya mawe ya lava," ilivunjika, na alama mbili za mstari zikasogea. Utokeaji ulitoka 3 hadi 6 kwa sababu mpira ulilika haraka. Ukali ulitoka 7 hadi 9. Hilo la ukali litazame vizuri. Ukaguzi haushushi ukali, kwa kuwa ukali ni kipimo cha madhara, na hayo hayapunguzwi na mtu kutazama. Unashuka pale tu unapobadilisha ubunifu. Lakini unaweza kupanda bila wewe kugusa kitu, dunia inayoizunguka chukudu inapobadilika.

Barabara inaweza kugeuka upande wa pili pia. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikaikata barabara ya Rutshuru kaskazini mwa mji. Njia ya juzi ikawa mwamba mpya wenye makali. Kwa jedwali, huo ni usiku mmoja wa kufungua mstari wa mpira wa gurudumu na mstari wa uma.

Mengine ya kufungulia jedwali nayataja kwa haraka: mzigo umebadilika aina, kama pale chukudu iliyobeba kabichi inapoanza kubeba bidoni za maji kutoka ziwani, maana maji yaliyojaa nusu yanacheza na kuivuta huku na huku kwenye kona; msambazaji wa beringi amebadilika, hata kama sanduku linafanana; mchoro umeguswa, hata kidogo; njia imefungwa na mizigo imehamia mteremko mwingine; mtu ameumia. Kwa hili la mwisho usisubiri kikao.

Na wateja wakianza kukibadilisha kifaa wenyewe, usikasirike. Tuliona chukudu zetu zikiwa zimeongezewa springi mbele na ubao wa pili juu. Huo ulikuwa ujumbe kwamba zinabebeshwa zaidi ya kilo 300. Imani nyingine imevunjika.

Hatua ya 7: Rekebisha, thibitisha, ndipo ushushe alama

Tulijaribu breki pana zaidi, yenye mkono mrefu wa kukanyagia ili nguvu ya mguu iongezeke, na nafasi ya kutoa tope. Siku ilipochorwa, mwenzangu alitaka kuandika utokeaji 2 palepale. Hapana. Siku ya kuamua unaandika hatua, anayehusika na tarehe. Alama mpya inaandikwa baada ya breki kufungwa, kujaribiwa, na daftari la barabarani kukaa kimya kwa muda mnaokubaliana. Kisha uliza swali ambalo husahauliwa: breki hii mpya imeleta hitilafu gani mpya? Mkono mrefu unaweza kunasa kwenye suruali, au kugonga jiwe. Mistari miwili zaidi.

Alama ya zamani usiifute. Ipige mstari mmoja ili isomeke, andika mpya pembeni, na sababu kwa maneno: "7 hadi 9, lami." Bila hivyo, atakayekuja baada yako hatajua kama mlikosea mwanzoni au mambo yalibadilika, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwenye kompyuta, hifadhi toleo jipya kwa namba na uliache la zamani. Chapisha nakala moja ikae kwenye atelye ndani ya plastiki, maana umeme hukatika.

Hatua ya 8: Chukudu mpya isizaliwe na jedwali la kurithi bila kuulizwa

Ukibuni kubwa zaidi, anza na jedwali la ile ya zamani, ni mali. Ila nakili mistari huku safuwima ya alama ikiwa tupu, na usome "Tumeamini kwamba" moja moja kwa sauti. Kunakili na alama zake ni kama kuvaa miwani ya mtu mwingine.

Hatua ya 9: Uzee

Chukudu haifi mara moja. Beringi zinahamia kwenye nyingine, magurudumu yanauzwa, ubao mkuu unakatwa kuwa uma wa chukudu ndogo, na kinachobaki kinapikia maharage. Kwa hiyo hitilafu za uzee zinarudi kwako kupitia mlango wa nyuma: ubao uliokwisha kuchoka, wenye nyufa ndani ya matundu ya misumari, unaingia kwenye kifaa chenye jina jipya. Jedwali la utengenezaji linahitaji mstari wa mbao zilizotumika, na ukaguzi wake si wa macho. Ng'oa misumari yote, mimina maji kwenye matundu, ngoja, uone yanachuruzika kutokea wapi.

Mbinu hiyo ya maji ilitoka kwa yule mzee. Aliniita, akanionyesha ubao uliovuja mahali ambapo macho yangu hayakuona kitu, akasema, "Andika hiyo nayo, kwenye ile kompyuta yako." Niliandika. Ni mstari wa 31, ugunduzi 4, na kwenye safuwima ya imani pameandikwa: "Tumeamini kwamba anayekagua ni Mzee mwenyewe." Vijana wawili wanajifunza kwake sasa, na mstari huo utafunguliwa siku wa kwanza wao atakapokagua peke yake.